Kadi iko kabatini, mwenyewe yuko Butimba

KIBARAZA CHA MAMA KABULA
Mnauliza, tunajibu

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu mahabusu na kura, nikadhani nimemaliza. Kumbe ndo nimefungua kopo la dagaa mbele ya paka. Meseji zimekuja kutoka Igogo, Nyegezi, Ukerewe, mpaka Sengerema, na wengine wananipigia saa nne usiku. Leo naweka maswali mengine yote pembeni, na yule binti wa harusi ya Buhongwa anivumilie, tumalize hili.

Shikamoo Mama Kabula. Mimi ni mama nauza dagaa Mwaloni, nakaa Igogo. Kijana wangu yuko mahabusu gereza la Butimba, hapa Mwanza, mwezi wa kumi na nne huu, kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna, kila tukienda mahakamani ni upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine. Kadi yake ya mpiga kura ninayo mimi, iko kabatini kwenye bahasha moja na kadi zake za kliniki za utotoni. Jirani ananiambia nichome hiyo kadi, mtu akishaingia jela kura hana tena. Ni kweli? Na je naweza kumpigia mimi kwa niaba yake?
*Mama wa Igogo*

Marahaba mama, na pole sana. Kwanza usichome kitu, rudisha bahasha kabatini.

Jirani yako amechanganya watu wawili, mahabusu na mfungwa, na usimcheke maana hata watu waliovaa tai wanawachanganya. Mahabusu anasubiri kesi, hajahukumiwa. Katiba yetu ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Kwa hiyo kijana wako leo hii ni mpiga kura kama wewe na mimi na huyo jirani mwenye kiberiti. Kilichowanyima mahabusu kura miaka yote ile ni kitu kidogo kabisa, yani kituo. Kura inapigwa kituoni, sasa mtu aliyefungiwa atamuomba nani ruhusa atoke akapange foleni shule ya msingi halafu arudi selo jioni?

Hili nalijua kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alikaa mahabusu miezi minane mwaka 2015, gereza moja la huku huku kanda ya ziwa, silitaji, na baadaye kesi ikafutwa akatoka. Mwaka ule ndo zile mashine za BVR za kuchukua alama za vidole zilikuwa zimeingia, alijipanga juani tangu asubuhi mpaka kiatu kikamuunguza, akapata kadi yake, na hakuitumia hata siku moja. Siku yenyewe ya uchaguzi, tarehe 25 Oktoba, wako ndani wanasikia redio ya afande kwa mbali. Basi mle selo wakaamua wapige yao. Chakula kilipokuja, ugali na maharage kama siku zote, wakakubaliana harage moja ni mgombea huyu, na ugali uliofinyangwa kama kete ni mgombea yule, kila mtu anaingia chini ya blanketi peke yake anatumbukiza kwenye kikombe cha plastiki anatoka. Nyampara ndo msimamizi. Kuhesabu ikaonekana kura zimezidi watu, halafu mzee mmoja akatuhumiwa kwamba amekula kura ya mwenzake, ikarudiwa upya na maharage ya jioni! Mdogo wangu akisimulia hii anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini anasema usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu aingie, hakuna aliyegombania nafasi ya kulala, wote walikuwa wanabishana siasa.

Sasa hivi mambo yamebadilika. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipoanza kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura Julai 2024 pale Kigoma, ilipanga vituo vya kuandikisha ndani ya magereza, 130 huku Bara, na vingine 10 Zanzibar kwenye vyuo vya mafunzo, maana kule magereza ndo yanaitwa hivyo. Walengwa ni mahabusu na wafungwa wa kifungo kisichozidi miezi sita. Huku Mwanza zamu yetu ilikuwa Agosti 2024, kabla kijana wako hajaingia.

Kumpigia wewe haiwezekani mama yangu. Kura haina niaba, na kadi yake mkononi mwako kituoni ni kesi nyingine, utamfuata hukohuko. Kitu unachoweza ni hiki. Kadi yake inamtambua kituo cha Igogo, na sheria inataka mtu apige pale alipoandikishwa, kwa hiyo hata wakileta masanduku ndani leo, jina lake liko kwenye karatasi iliyobandikwa Igogo, sio Butimba. Inabidi ahamishe taarifa zake, na kuhamisha ni yeye mwenyewe aonekane na mashine, uso wake na vidole vyake. Dirisha hilo linafunguliwa kila daftari linapoboreshwa, na kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine linatakiwa kuboreshwa mara mbili, kwa hiyo kabla ya 2030 litarudi. Ukienda kumuona mwambie likitangazwa awahi kwa afande wa zamu aseme nataka kuhamisha, asiseme nataka kujiandikisha, maana akijiandikisha upya wakati jina lipo tayari hilo ni kosa la uchaguzi na ana kesi moja inamtosha. Piga picha kadi mbele na nyuma kwenye simu. Andika namba kwenye karatasi umpe aikariri kama tulivyokariri tebo ya saba. Kadi yenyewe mimi nisingeipeleka mpaka siku inahitajika. Ya mdogo wangu aliingia nayo mfukoni ikaandikwa vizuri kabisa kwenye daftari la mali zake, na siku ya kutoka akarudishiwa mkanda, shilingi elfu mbili na mia tatu, na kadi ya mtu mwingine.

Kuna kituko kimoja hapo ujue. Akihamishia kituo ndani halafu Mungu akamtoa kabla ya uchaguzi, atakuwa mtu huru mtaani Igogo na kadi inayosema kituo chake ni gerezani. Akitoka tu, dirisha likiwa wazi, ahamishe tena. Watu wanatoka wanashangilia wanasahau hiyo.

Mama Kabula mimi sikuelewi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Nyegezi. Mwaka juzi walivunja usiku wakabeba nondo, mabati bando nane na mashine ya kuchomelea, na nilipowasha taa walinionyesha panga. Mmoja alipatikana akafungwa. Leo unaniambia tuwapelekee sanduku la kura huko huko? Mimi kura yangu na kura ya aliyenionyesha panga ziwe sawa? Hiyo haki ya nani?
*Mwenye duka, Nyegezi*

Pole ndugu yangu, panga usiku sio kitu cha mchezo na sitakwambia usahau.

Ila huyo wako, kama alifungwa kwa kosa hilo, hapigi kura. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imebaki na mstari ule ule wa zamani, ukihukumiwa kifo au kifungo kinachozidi miezi sita huandikishwi, na mwenye panga hafungwi miezi sita. Kwa hiyo hapo ulipo sheria iko upande wako. Mimi ndo siko upande wa sheria hiyo, na nikueleze kwa nini.

Katiba ibara ya 5 inampa kila raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura, halafu inaliruhusu Bunge kuweka sheria ya kuzuia baadhi ya watu, akiwemo aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani. Makosa fulani. Yani Bunge likae liyataje, kwamba aliyeiba kura asipige, mhaini asipige, kitu kama hicho. Sheria ya uchaguzi haikutaja kosa lolote, ilihesabu miezi tu. Mwaka 2022 vijana wawili, Tito Magoti na John Tulla, wakaenda Mahakama Kuu kupinga kifungu hicho, na Magoti mwenyewe mahabusu anaijua, alikaa zaidi ya mwaka. Desemba ile ile Mahakama Kuu ikawakubalia, ikasema kifungu kinakwenda kinyume na Katiba. Watu tukapiga vigelegele. Halafu 2024 ikatungwa sheria mpya na miezi sita ikarudi kukaa kwenye kiti chake kama mgeni aliyesahau kofia.

Sasa chukua watu wawili. Mmoja kavua na kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, kashindwa faini, kapewa miaka miwili. Mwingine kampiga mke wake, kapewa miezi mitano. Wa ngumi anapiga kura, wa kokoro hapigi. Ukiniuliza huo mstari umepima nini sina jibu, na wewe unayepima nondo kila siku utaniambia hiyo futi imepinda.

Na usidhani ni mambo ya Ulaya. Hapo ng'ambo ya ziwa tu, Kenya, wafungwa walipiga kura ya maoni ya Katiba tarehe 4 Agosti 2010 baada ya mahakama kuamua, na 2017 wakapiga kura ya urais, na 2022 tena, ya urais tu sio ya mbunge wala gavana. Kule hawahesabu miezi, anayezuiwa ni aliyepatikana na kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano. Uganda mahakama ilisema 2020 kwamba wafungwa wana haki hiyo. Afrika Kusini wafungwa walishaenda mahakamani tangu 1999 wakashinda, serikali ikajaribu kuwazuia wengine tena, ikashindwa tena 2004. Sisi tumezungukwa ndugu yangu.

Unaweza usikubaliane na mimi na duka lako bado ntakuja kununua misumari. Ila jiulize huyo mtu siku moja anatoka, na akitoka harudi mwezini, anarudi Nyegezi.

Wabeja sana mama. Mimi mvuvi huku Ukerewe. Nilifungwa miaka miwili kwa makokoro, faini ilinishinda, nikatoka kwa msamaha wa Rais wa Desemba 9. Watu kijijini wananiita mfungwa mpaka leo na mmoja wa chama aliniambia mimi kura yangu ilishakufa. Je niliyetoka naweza kuandikishwa? Halafu mke wangu ananitania nigombee ubunge maana nina mdomo.
*Mvuvi, Nansio*

Wabeja na wewe. Huyo wa chama mwambie arudi darasani. Sheria inamzuia mtu anayetumikia kifungo, ukishatoka umetoka, kura yako ilikuwa imelala tu haikufa. Kama jina lako lipo kwenye daftari na lilifutwa ukiwa ndani, omba kurudishwa, kama hukuwahi kuandikishwa nenda kama mpya na kitambulisho chako. Hakuna afisa wa kukuuliza ulikuwa wapi miaka ile miwili, na akikuuliza mwambie ulikuwa unalima, si kweli mlilima?

Kwenye hili Wamarekani wana ugumu kuliko sisi, kule kuna majimbo ambayo mtu alikuwa akitoka jela anabaki bila kura mpaka anakufa, na watu wa Florida ilibidi wabadilishe katiba ya jimbo kwa kura mwaka 2018 ili waliomaliza vifungo warudishiwe, isipokuwa wa mauaji na makosa makubwa ya ngono, na hata hapo bunge lao likaja na masharti ya kulipa kwanza faini na gharama za mahakama. Umeona, faini inafuata mvuvi mpaka Marekani. Halafu huko huko Maine na Vermont mfungwa anapiga akiwa ndani, haijalishi kafungwa mingapi.

Ubunge sasa. Mke wako anatania ila swali sio la utani. Ibara ya 67 ya Katiba inamkataa mgombea aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu, na inamkataa pia yeyote aliyefungwa kwa kosa la namna hiyo ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Utovu wa uaminifu ni wizi, kughushi, utapeli, vitu vya kudanganya. Kokoro ni kuua samaki wachanga, ni ubaya, lakini umemdanganya nani, sangara? Mimi naona una hoja, ila mpinzani wako ataiwekea pingamizi asubuhi na mapema, kwa hiyo hukumu yako itafute nakala mahakamani uiweke, usome kosa limeandikwaje. Na nyavu zako zipime macho bwana, usinirudie hapa.

Mama Kabula, kaka yangu alihukumiwa miaka 30, unyang'anyi wa silaha. Amekata rufaa. Wewe unaongelea kura, yeye kura hana. Je ina maana hayumo tena kwenye nchi hii? Naomba jibu la ukweli.
*Dada yake, Sengerema*

Nimelisoma hili swali mara tatu, mara ya mwisho nimesimama jikoni wali ukaungua.

Jibu la ukweli ni kwamba kura hana kwa sasa. Miaka 30 ndo kima cha chini cha kosa hilo, na mstari wa miezi sita uko mbali mno nyuma yake. Angalia lakini ilivyo ajabu, siku moja kabla ya hukumu alikuwa mahabusu kama kijana wa mama wa Igogo, ana haki yake kamili, siku ya pili hana. Na rufaa ikishinda anayo tena.

Ila kwenye nchi yumo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilipofanyika sensa, watu walihesabiwa pale walipolala, na waliolala magerezani walihesabiwa magerezani. Tulipotangaziwa tuko 61,741,120, waliokuwa ndani wamo mle. Kama kaka yako alikuwa ameshaingia basi ni mmoja wao, na kwenye wale 3,699,872 wa mkoa wa Mwanza kuna watu wa Butimba. Madawati na dawa vinapangwa kwa hesabu hizo hizo.

Halafu kuna sauti nyingine ambazo hazipiti kwenye sanduku. Ana haki ya kuandika malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, hii imo kwenye Katiba ibara ya 129 na huwa wanaingia magerezani kukagua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka walio kizuizini nao wafikiwe na huo msaada, kwa hiyo akisikia wasaidizi wa kisheria wamekuja asijifiche nyuma ya wenzake, aende na karatasi zake za rufaa. Mwaka 2023 Rais aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, polisi, magereza, mahakama, wote wakaangaliwa. Tume kama hizo zinatakiwa zisikie mtu aliyelala mle, sio mimi ninayeandika nikinywa chai. Na kama kaka yako anajua kusoma, mle ndani kuna asiyejua, barua ya rufaa ya mwenzake ataiandika yeye. Mdogo wangu aliandika za watu kumi na mmoja kwa peni moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamjua kabla.

Wewe kazi yako ni kumpelekea habari. Ukienda kumuona usimwambie tu mama anaumwa na ng'ombe kazaa. Mwambie daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025 na wewe mwenyewe hupandi tena kivuko kwenda Mwanza, mwambie mwenyekiti wa kijiji ni nani, mwulize yeye angesemaje kuhusu ule mgogoro wa shamba. Mtu akiulizwa anakaa macho.

Mama Kabula fupi tu. Mwanangu mahabusu anaweza kupiga ya mwenyekiti wa mtaa?
*Baba, Mkuyuni*

Hiyo ni orodha nyingine kabisa baba. Uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, unasimamiwa na TAMISEMI, na unajiandikisha upya pale mtaani kwako kama mkazi, hata kadi ya Tume haitakiwi. Vituo vya gerezani ninavyosema ni vya daftari la Tume. Kwa hiyo ya mtaa hapana, mpaka arudi Mkuyuni mwenyewe.

Panya wamekula kadi ya mume wangu kona moja, pale kwenye namba. Yuko ndani miezi minne, amebakiza miwili. Nifanyeje?
*Mke, Igoma*

Wala usihangaike kubandika na gundi. Picha yake na vidole vyake viko kwenye mfumo wa Tume, kadi iliyoharibika inatolewa nyingine mwenyewe akienda wakati wa kuboresha daftari, aende na hicho kipande kilichobaki. Kifungo chake ni miezi sita kamili, hakijazidi, kwa hiyo hata wakija kuandikisha akiwa ndani anaruhusiwa. Akiwa ametoka aende kituo cha hapo Igoma. Na nunua paka.